Sikumpokonya Editha Kasia

Madam,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo kisha nikainua kalamu nikasubiri, kwa mazoea, kana kwamba karatasi ingeitikia. Tangu nikiwa kidato cha kwanza sikuwahi kuanza mazungumzo nawe bila salamu hiyo, nawe hukuwahi kuiacha bila jibu. Hata ulipokuwa katikati ya mlinganyo, umeupa darasa mgongo, uliitikia kwa kuinua chaki juu. Leo salamu imebaki peke yake. Naomba uipokee hivyo hivyo.

Nakuandikia kutoka chumba cha kompyuta, Alhamisi, baada ya vipindi. Mlango nimeuacha wazi ili joto litoke. Stuli yako sijaikalia. Nimekaa kwenye benchi la wanafunzi, kando ya ile kompyuta ambayo feni yake inalia kama mashine ya kukoboa mpunga. Kesho asubuhi bodi ya shule itakuja kukaa humu humu, itazame kipindi kimoja, kisha iamue kama Saa ya Chombo, kipindi chako cha kurusha roketi kwenye kompyuta, iendelee au ife. Nina hofu, Madam. Nimejaribu kuitafutia neno lenye hadhi zaidi, neno linalomstahili mhitimu wa shahada ya sayansi na ualimu, nikakosa. Ni hofu tu.

Naona ni wajibu wangu kwanza kukuarifu yaliyotokea baada yako.

Tulikuzika kwenu, ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge, kama ulivyoagiza. Msafara ulipofika Kivukoni, dereva alipunguza mwendo darajani bila kuambiwa na mtu, na wanafunzi wote wakageukia dirisha la upande mmoja kutazama pale ulipokuwa ukiwaonyesha kila mwaka, mahali ambapo baba yako alikuwa akifunga mtumbwi wake enzi za kuvushana, kabla ya daraja. Mimi nilikuwa nimeandaa risala. Ilikuwa risala nzuri, Madam, ungenicheka: ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho. Nilifika aya ya pili. Makamu mkuu akanishika bega, akaichukua karatasi taratibu na kuimalizia yeye.

Fizikia ya kidato cha nne amepewa mwalimu mpya, kijana mwenzangu, mpole. Mimi bado ni mwalimu wa kujitolea, ila nimeachiwa kidato cha tatu na Saa ya Chombo. Sweta lako la kijivu lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Wanafunzi wanalikwepa kama samani. Hakuna anayeligusa, na siku walipofagia vumbi niliona wamelifunika kwa gazeti. Nadhani hilo tu lingetosha kukueleza hali ilivyo.

Sasa niseme kinachonitetemesha.

Wiki chache baada ya mazishi, mzazi mmoja alisimama kwenye mkutano akasema, "Mtoto wangu ananiambia anasoma fizikia. Nikimuuliza amesoma nini leo, ananijibu ameangukia mwezini." Watu walicheka, Madam, nami nilicheka pia, kwa sababu ilichekesha. Lakini mkuu wa shule hakucheka. Aliniita ofisini akanieleza kwa upole, na upole wake ndio uliniogopesha: "Mwalimu Baltazari, mimi sina ugomvi na roketi. Nina ugomvi na matokeo. Kompyuta hizi zingeweza kutumika kwa marudio ya kidato cha nne. Madam alikuwa na heshima yake, aliweza kututuliza wote. Wewe una nini?"

Nilijibu kwa maneno mengi, kama kawaida yangu, nikaahidi onyesho mbele ya bodi. Sikumbuki nilisema nini kingine. Nakumbuka tu nilitoka pale nikijiuliza swali lile lile. Wewe ulikuwa na nini?

Nimelitafakari swali hilo wiki nzima. Shule nyingine zina kompyuta bora kuliko zetu, na gemu ile ya kuunda roketi na kuzirusha inachezwa na vijana duniani kote. Ulichokuwa nacho wewe ni utaratibu. Ulisema binadamu amekosea kwa mpangilio mzuri sana tangu zamani, na kwamba ni ukatili kumrukisha mtoto hadi kwenye jibu bila kumpitisha kwenye makosa yenyewe, moja baada ya jingine. Kila kosa tulilolifanya kwenye kioo cha kompyuta ulilitafutia mwenyewe wake, mtu wa kale aliyelifanya kabla yetu, au aliyelisahihisha. Majina yao ya vitabuni ulisema yanatisha, kwa hiyo ulituzalia upya wazee wa fizikia hapa hapa Ifakara.

Alikuwepo Mzee wa Kasia, Mgiriki, aliyefundisha kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa. Alikuwepo Babu wa Mbao, Mtaliano, aliyeviringisha mipira kwenye mbao za mteremko hadi akagundua kwamba yule wa kwanza amekosea. Nawe ukaweka ubao kwenye dawati na kutugawia gololi, darasa zima tukaviringisha mpaka kengele ikalia. Alikuwepo Babu wa Mirihi, Mjerumani, aliyetaka sayari zizunguke katika duara kamili, hesabu zikamkatalia kwa kosa jembamba kuliko upana wa mwezi mpevu, naye badala ya kulifumbia macho akaliacha duara alilolipenda na kuchukua duaradufu. Nakumbuka siku uliyotusimulia kwamba mama yake huyo mzee alishitakiwa kwa uchawi, na mwanawe akaacha hesabu akaenda kumtetea mahakamani. Kisha mmoja wetu akauliza, "Madam, hata kwao?" Ukajibu, "Hata kwao." Ukageukia ubao. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyedhani fizikia ni mambo ya watu wengine.

Na Bwana Shamba! Yule Mwingereza wa mvutano, ambaye chuo kilifungwa kwa ajili ya tauni, akarudi kijijini kwao shambani na kuanza kuwaza kule mambo ambayo dunia bado inayatumia. Kwa ajili yake hukuwahi kumgombeza mwanafunzi aliyepotea msimu wa mpunga. Walimu wengine walichapa, wewe ulisimama mlangoni ukasema, "Karibu, Bwana Shamba. Umetuwazia nini huko?" Na ulisubiri jibu kweli.

Uliyempenda kuliko wote ulimwita Mwenzangu. Mrusi, mwalimu wa shule katika mji mdogo wa mbali, masikio yake hayasikii vizuri, ambaye alikokotoa kwa kalamu jinsi roketi itakavyoiacha dunia, wakati hakuna mtu aliyekuwa na roketi ya namna hiyo. "Alikuwa anasahihisha madaftari mchana," ulituambia, "kisha anahesabu safari ya nyota." Ulilisema hilo ukiwa umeshika madaftari yetu.

Mimi mwenyewe nilianza na kosa la Mzee wa Kasia, na nadhani hakuna mtoto wa bonde hili asiyeanza nalo. Tumekulia kwenye mitumbwi. Tunajua kwa mikono yetu kwamba ukiacha kupiga kasia, maji yanakushika, mtumbwi unasimama au unachukuliwa. Kwa hiyo chombo changu kilipofika juu ya anga sikuondoa kidole kwenye kitufe cha moto. Niliunguza mafuta yote, nikiogopa kwamba nikiacha tu chombo kitasimama. Mafuta yakaisha. Nikafumba macho. Nilipofumbua, chombo kilikuwa kinaendelea kwenda, kimya, bila kitu chochote kukisukuma, nami nikapiga ukelele ambao ulisikika hadi jikoni kwa mpishi. Hukuniambia kitu kabla. Ulikuwa umesimama nyuma yangu muda wote huo, umeona mafuta yakiteketea, na hukunigusa.

Baadaye nilipokuuliza kwa nini hukunizuia, uliniambia habari za baba yako. Kwamba alipokufundisha kuvuka pale Kivukoni, ulipoelekeza mtumbwi kombo alikaa kimya nyuma, akaacha mto ukupeleke ulikokupeleka, mkatua mbali chini ya gati, mkarudi kwa kukokota mtumbwi kandokando ya matete. Hakukupokonya kasia hata mara moja. "Angenipokonya," ulisema, "mpaka leo ningekuwa najua kwamba baba yangu anajua kuvuka."

Na ndiyo maana ulishika chaki. Wanafunzi wengi walidhani ni mazoea tu ya mwalimu mzee. Mimi nilikuja kuelewa nilipoanza kusimama mahali pako. Chaki moja kila mkono, mikono nyuma ya mgongo, ili vidole viwe na kazi na visikimbilie kipanya cha mtoto.

Nakiri mpango wangu wa kesho haufanani na hayo. Nimeandaa maelezo ya kuonyesha ukutani kwa projekta, yenye kichwa "Mageuzi ya Dhana ya Mwendo kutoka Zama za Kale hadi Safari za Anga." Mkuu wa shule amekisoma kichwa hicho mara mbili na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Na nilimwandaa Inosenti. Unamkumbuka Inosenti, hakosei. Nilimzoeza safari moja tu, kukifukuza chombo kingine angani na kuungana nacho, hadi akaweza kuifanya huku anazungumza. Bodi ingeona, ingepiga makofi. Labda mwenyekiti angeniuliza jina langu kamili na kulipeleka mahali panapostahili. Nasema haya wazi kwa sababu kwako sikuwahi kuficha kwamba ninataka kufika mbali. Uliniita Profesa kwa kunitania, nami nikaupenda utani ule kuliko ulivyodhani.

Leo asubuhi mama yake Inosenti amefika shuleni na kanga ya safari. Mpunga wao umeanza kuiva, huko upande wa Malinyi, familia nzima imehamia shamba, na Inosenti ndiye anayekaa juu ya dungu kufukuza ndege. Nilimwomba mama huyo. Nilimsihi, Madam, nikamweleza uzito wa bodi. Akanisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, nimekuelewa. Lakini ndege hawasubiri bodi."

Waliobaki wanaoweza kufika angani ni wachache, na kati yao aliye na ujasiri wa kukaa mbele ya wageni ni mmoja tu. Ni Editha wa Lipangalala.

Wewe unajua maana yake. Siku ya mwisho niliyokuona hospitalini, umeegemea mto, mkono una sindano ya dripu, hukuniuliza habari za mtihani wala za ajira yangu. Uliuliza, "Yule mtoto wa Lipangalala bado anaunguza mafuta?" Nikasema bado, Madam. Ukacheka kidogo, ukakohoa, muuguzi akaniambia muda umekwisha. Basi bado anaunguza. Kidole chake hakijawahi kutoka kwenye moto kwa hiari. Kila Ijumaa anaishia gizani na tangi tupu, na kila Ijumaa anasema, "Bado kidogo tu nilikuwa nimefika."

Nina rekodi ya Inosenti akiungana na kile chombo. Ninaweza kuionyesha ukutani na bodi isijue tofauti. Au ninaweza kumketisha Editha na mimi nikashika kipanya kwa kisingizio cha kumwelekeza. Nimeandika andalio la somo mara mbili, moja kwa kila njia. Natazama sweta lako pale mlangoni. Sijaamua. Jua linashuka, mlinzi anafunga madirisha ya upande wa pili, na mimi mikono inatoka jasho hata karatasi hii inalowa. Niwie radhi kwa mwandiko.

*

Jumamosi, Kivukoni.

Naendelea hapa nikingoja gari la kunivusha kuja kwako. Nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Akina mama wanapanga samaki kwenye karai karibu yangu, na mmoja amekwisha kuniuliza kama ninaandika barua ya posa. Nimemwambia hapana. Amesikitika.

Nianze na bodi. Waliingia wakiwa na mkuu wa shule, wakaketi kwenye viti vya ofisini vilivyoletwa kwa ajili yao. Mama Mwenyekiti, yule muuguzi mstaafu, alikaa mbele na mkoba magotini. Pembeni yake Mzee Saidi, aliyefanya kazi kiwanda cha sukari hadi akastaafu. Ulikuwa ukisema hakuna kikao anachokaa kimya, na sijui kama kuna ulilowahi kusema lenye ukweli zaidi ya hilo. Niliwasha projekta. Kichwa changu cha habari kikatokea ukutani chote, kirefu. Mzee Saidi akakisoma kwa sauti hadi mwisho, akavuta pumzi na kusema, "Hapo tumeshachoka, mwalimu, na bado hatujaondoka."

Darasa likacheka. Nami, kwa sababu ambayo mpaka sasa siwezi kuieleza kitaalamu, niliizima. Nikaacha kioo cha Editha tu kionekane ukutani. Nikaenda kwenye ubao, nikachukua chaki mbili. Nikasimama nyuma yake.

Niliwaeleza wageni kwa ufupi: vyombo viwili vinaizunguka dunia njia moja, kimoja kiko mbele, hiki cha nyuma kinatakiwa kukifikia. Basi.

Editha akawasha moto. Mzee Saidi akaanza papo hapo. "Ongeza, binti! Mtu anakukimbia hapo mbele, unamchekea?" Mama Mwenyekiti, ambaye ana asili ya upande wenu wa mto, akasahau mkoba wake: "Piga kasia, mwanangu, kaza!" Hata mwalimu wa taaluma, aliyeingia nao, akaanza kumhimiza akaze. Na Editha akakaza, kwa raha zote, kwa mara ya kwanza maishani mwake watu wazima wakimwagiza afanye kosa lake analolipenda. Chombo kikapanda juu. Kikapanda zaidi. Na kile cha mbele kikazidi kwenda mbali.

"Mbona anabaki nyuma?" akauliza Mzee Saidi. "Hii mashine ina ubovu."

Mkuu wa shule akanitazama. Madam, nimewahi kufanya mtihani wa chuo bila kulala, nimewahi kusimama mbele ya ukumbi mzima wa wanachuo, lakini sijawahi kuogopa namna ile. Kipanya kilikuwa mbele yangu, umbali wa kunyoosha mkono. Nilijua la kufanya. Nilijua jibu lote, na vyanzo vyake, na ningeweza kuliandika kwa milinganyo kutoka Babu wa Mirihi hadi leo. Editha akageuka kunitazama, macho yanaomba. Nikatazama ukuta. Nilisikia chaki ikilia ndani ya ngumi yangu.

Akarudi kwenye kioo. Na akaondoa kidole.

Sijui kwa nini siku hiyo. Labda kwa kuwa watu wote walikuwa wanapiga kelele "kaza" na kukaza kumemletea hasara, labda kwa kuwa nilikataa kumtazama. Moto ukazimika. Chombo kikaendelea.

"Kimezima," akasema Mzee Saidi. "Mbona hakisimami?"

Kutoka benchi la nyuma, mmoja wa wale wanaoogopa kujibu hata wanapoulizwa majina yao akasema, "Babu, usijali, hata Mzee wa Kasia alishangaa." Darasa zima lilipasuka kwa kicheko, na Mzee Saidi akauliza huyo mzee ni wa wapi, wakamjibu kwa pamoja kwamba ni wa Ugiriki, na wengine wakaanza kumweleza habari za gololi na mbao, watatu kwa wakati mmoja. Sikuwanyamazisha.

Wakati wao wanabishana, Editha alikuwa anafikiri. Niliona mabega yake. Akakigeuza chombo taratibu, mkia ukatangulia mbele, akawasha moto kwa kinyume, kidogo tu.

"Sasa anafunga breki!" Mzee Saidi akakata tamaa kabisa. "Mtoto ameshindwa, ameamua kurudi nyumbani."

Chombo kikashuka. Na kikaanza kukifikia kile cha mbele. Mama Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa kwa pembe ya kitenge, akaivaa tena. Vyombo vikawa vinakaribiana, vinakaribiana, hadi taa za kile kingine zikaonekana. Na hapo ndipo alama ya mafuta ikawa nyekundu, kwa sababu ya ule moto wote wa mwanzo, na tangi likaisha. Vikapishana. Karibu sana, Madam. Ungeweza kuona madirisha. Kikapita kando, kikaendelea zake gizani.

Chumba kizima kikatoa sauti moja, "Aaah!" Mkuu wa shule naye alikuwemo katika sauti hiyo, nilimsikia. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akaninong'oneza, "Mwalimu, si ulisema atafika?"

Nilisimama pale nikiwa na hakika kwamba nimeizika Saa ya Chombo kwa mikono yangu, tena kwa kutoitumia. Lakini Mama Mwenyekiti alikuwa bado anatazama ukuta. Akasema, "Subirini. Nieleze, mwalimu. Alipokaza, alibaki nyuma. Alipofunga breki, akamfikia. Kwa nini?"

Nilifungua mdomo. Maneno yangu yote yalikuwa tayari, yamepanga mstari. Nikaufunga. Nikasema, "Editha."

Editha akasimama, akavuta sketi yake, akajibu kwa Kiswahili kwa kuwa Kiingereza cha darasani kilimkimbia: "Mama, ukikaza unapanda, na huko juu njia ni ndefu halafu mwendo unakuwa wa polepole. Ukishuka, njia inakuwa fupi na dunia inakuvuta kwa nguvu, kwa hiyo unakimbia. Babu wa Mirihi alisema wa karibu ndio wanaozunguka haraka." Akasita. "Ila mimi nimelijua sasa hivi. Nilikuwa nalisema kwenye mtihani bila kulijua."

Mzee Saidi akasema haiwezekani. Wakatoka nje wakiwa wanabishana, yeye na Mama Mwenyekiti na Editha katikati yao, na niliwasikia hadi getini: yeye akitolea mfano treni ya miwa, Editha akimwambia, "Babu, treni ina reli, huku hakuna reli."

Hawakupiga makofi. Jina langu kamili hakuna aliyeliuliza, na lile onyesho langu lenye kichwa kirefu halijaonekana mpaka leo. Jioni mkuu wa shule alinieleza uamuzi: Saa ya Chombo itaendelea hadi mtihani wa majaribio, bodi itatazama alama za fizikia, na zikishuka chumba kitatumika kwa marudio. Akaongeza kwamba Mzee Saidi ameomba kiti Ijumaa ijayo, kwa sababu anataka kuhakikisha mwenyewe. Kwa hiyo sijakuletea ushindi, Madam. Nimekuletea muda. Hofu yangu imesogea mbele tu, na nadhani itakuwa inanitangulia hivyo kwa muda mrefu.

Baada ya watu wote kutoka nilifungua viganja. Chaki zote mbili zilikuwa zimevunjika vipande, nyingine imekuwa unga kabisa, imeingia hadi kwenye mistari ya mkono. Nikakumbuka kwamba zako, kengele ikilia, ulizirudisha kwenye ubao zikiwa nzima, ukazitumia kipindi kinachofuata. Miaka yote ile nilidhani hukuwa na wasiwasi juu yetu. Sasa ninajiuliza ni mara ngapi ulikuwa nao.

Gari limefika, kondakta anapiga kelele. Nitakusomea haya nikifika, kisha karatasi nitaikunja na kurudi nayo. Sweta lako lina mfuko.

Pumzika, mwalimu wangu. Inosenti akishuka kwenye dungu nitamsubiri mlangoni na nitamuuliza ametuwazia nini huko, na nitasubiri jibu kweli. Editha atakosea tena, najua, na mimi nitakuwa nyuma yake. Nakuahidi kasia litabaki mikononi mwake, na siku moja, hata kama ni baada ya miaka, nitarudisha chaki ubaoni zikiwa nzima.

Mwanafunzi wako,
Baltazari